Kufunga monita ya mgonjwa ili wimbi la moyo na la pumzi liaminike

Moyo wa mtu mzima unapopiga, umeme unaofika juu ya ngozi ya kifua ni kama milivolti 1 tu, na mara nyingi ni pungufu ya hapo. Mahali elektrodi (kibandiko kinachonasa umeme wa mwili) inapogusana na ngozi hujitokeza volti nyingine isiyohusiana na moyo kabisa, ambayo monita hutakiwa kuivumilia hadi milivolti 300. Juu ya hayo kuna umeme wa jengo, 230 V na 50 Hz, unaopenya mwilini bila mgonjwa kugusa waya wowote. Kazi ya monita ni kuichambua ile milivolti moja kutoka humo, na inaiweza, mradi elektrodi zote zimeshika ngozi vizuri na kwa kulingana. Ndiyo maana hitilafu nyingi zinazosababisha mashine ibebwe hadi karakana ziko kati ya ngozi na plagi ya kebo, na boksi lenyewe halina ubaya.

Maelezo haya ni ya wauguzi na mafundi wa vifaa tiba wanaotumia monita za kawaida za kando ya kitanda.

Kabla ya kumgusa mgonjwa

Soma kibandiko cha nyuma ya mashine. Nyingi za siku hizi zinapokea 100 hadi 240 V zenyewe. Nyingine, hasa za zamani zilizoletwa kama msaada kutoka Marekani, ni za 120 V pekee, au zina swichi ndogo ya kuchagua volti karibu na fyuzi. Swichi ikiwa kwenye 120 na ukachomeka kwenye soketi ya Dar es Salaam au Nairobi, fyuzi itakatika ukiwa na bahati, na ukikosa bahati itaungua pawa saplai nzima.

Kuna jambo la pili la mashine hizohizo ambalo watu wengi hawalijui. Umeme wa Marekani ni wa 60 Hz, wetu ni wa 50 Hz. Monita ina kichujio cha kuondoa mngurumo wa umeme, na kichujio hicho hukata masafa membamba sana. Kikiwa kimewekwa 60, mngurumo wa 50 unapita kama kawaida na mstari wa ECG (mchoro wa umeme wa moyo) unabaki mnene kama umechorwa kwa makapeni. Ingia kwenye menyu ya mipangilio (mara nyingi inadai neno la siri la fundi, ambalo liko kwenye kitabu cha huduma), tafuta palipoandikwa "Notch" au "Line frequency", weka 50. Dakika tano za kazi hii zimeokoa mashine ambazo tayari zilikuwa zimeandikwa mbovu.

Chomeka kwenye soketi ya ukutani yenye ethi, yaani waya wa ardhi unaofanya kazi. Usitumie adapta ya pini mbili. Bila ethi monita itawaka na namba zitaonekana, lakini kelele ya umeme huongezeka, na umeme unaovuja kwenye bati la mashine hauna pa kwenda isipokuwa kwa atakayeligusa.

Halafu chagua aina ya mgonjwa: mtu mzima, mtoto au mchanga. Watu huiruka hatua hii, kumbe inabadilisha mambo mengi kwa mkupuo mmoja: viwango vya kengele, namna mashine inavyoitambua QRS (mchomo mrefu wa kila pigo la moyo), na nguvu ya kujaza mkanda wa shinikizo la damu. Shinikizo la mkanda wa mtu mzima ni kubwa mno kwa mkono wa kichanga.

Rangi za nyaya: soma herufi

Kuna mifumo miwili ya rangi, na wodi moja inaweza kuwa nayo yote miwili, kwa sababu kebo moja ilinunuliwa na nyingine ilikuja na mashine ya msaada.

Mfumo wa Ulaya: R nyekundu (bega la kulia), L njano (bega la kushoto), F kijani (chini kushoto), N nyeusi (chini kulia), C nyeupe (kifuani).

Mfumo wa Marekani: RA nyeupe (bega la kulia), LA nyeusi (bega la kushoto), LL nyekundu (chini kushoto), RL kijani (chini kulia), V kahawia (kifuani).

Angalia hatari iliyopo. Nyekundu ya Ulaya inakaa bega la kulia, nyekundu ya Marekani inakaa chini kushoto. Ukizibadilisha hizo mbili, wimbi la mwelekeo wa II (moyo unavyosomwa kati ya bega la kulia na chini kushoto) linageuka juu chini, na daktari anayepita anaweza kuona ugonjwa ambao haupo. Nyeusi, kijani na nyeupe nazo zina maana tofauti katika kila mfumo, kwa hiyo hakuna rangi ya kuaminiwa peke yake. Herufi zikiwa zimefutika, utambue hivi: kwenye kebo ya nyaya tatu, ukiona waya wa njano hiyo ni ya Ulaya, ukiona mweupe ni ya Marekani. Kwenye nyaya tano, wa njano ni wa Ulaya na wa kahawia ni wa Marekani. Ukishautambua mfumo, andika herufi upya kwenye kila klipu kwa kalamu isiyofutika, na ubandike karatasi ya mpangilio kwenye mashine yenyewe. Karatasi ya ukutani haifai, maana mashine huhama na ukuta haufuati.

Ngozi na elektrodi

Hapa ndipo ubora wa ishara yote unapoamuliwa. Tabaka la juu la ngozi ni seli zilizokufa, kavu, zinazozuia umeme. Ongeza jasho na mafuta ya kujipaka, na elektrodi bora kuliko zote itakaa dakika kumi kisha ianze kuelea. Watoto wachanga waliopakwa mafuta ya nazi au ya mgando wanahitaji uangalifu zaidi.

1. Osha sehemu husika kwa sabuni na maji, kausha kabisa. Spiriti si mbadala mzuri, kwa kuwa inakausha ngozi na kuongeza ukinzani. Ukilazimika kuitumia kuondoa mafuta, acha ikauke, kisha sugua.
2. Nywele zikiwa nyingi, zipunguze kwa mkasi au mashine ya kunyolea. Wembe huacha michubuko, na jeli ya chumvi juu ya mchubuko inawasha.
3. Sugua taratibu kwa shashi kavu, mara tano hadi kumi, bila kuumiza. Usingoje kuona wekundu, kwani kwenye ngozi nyeusi hautauona na utazidisha. Kwa kichanga njiti usisugue kabisa, ngozi yake inachanika.
4. Kagua elektrodi: tarehe ya mwisho, na sponji ya katikati. Ikiguswa iwe na unyevu. Ikiwa kavu, tupa.
5. Bana klipu kwenye elektrodi kwanza, ndipo ubandike kifuani. Ukibandika kwanza halafu ukabana, unamkandamiza mgonjwa na jeli inakamuliwa hadi kwenye gundi, gundi inashindwa kushika.
6. Bonyeza kwa kuzunguka ukingo. Usibonyeze katikati.
7. Waya wa kila elektrodi upinde kitanzi kidogo na uubandike kwa plasta sentimita chache kutoka kwenye klipu, ili mgonjwa akigeuka mvuto uishie kwenye plasta.

Badilisha elektrodi zote kwa pamoja kila baada ya saa 24, au mapema zikilegea. Ukibadilisha moja tu, au ukachanganya za kampuni mbili, kila moja inatoa volti yake ya mguso na mstari unaanza kuzurura. Pakiti iliyofunguliwa ikunjwe na kuwekwa kwenye mfuko usiopitisha hewa. Kwenye joto la pwani, elektrodi zilizoachwa wazi juu ya toroli huwa kavu kabla ya wiki kwisha.

Elektrodi zinapokosekana, watu hurudisha za zamani kwa plasta na jeli ya ultrasaundi. Jeli hiyo ilitengenezwa kupitisha sauti, haikuwekewa chumvi ya kutosha kupitisha umeme. Kama hakuna njia nyingine, tumia jeli iliyotengenezwa kwa ajili ya ECG, kidogo, na usiiache isambae kutoka elektrodi moja hadi nyingine.

Mahali pa kuziweka

Mbili za juu ziwe chini ya mfupa wa mtulinga, karibu na bega, kwenye kishimo ambako misuli ni michache. Mbili za chini ziwe chini ya mbavu za mwisho, kila moja upande wake. Ya kifuani kwa kawaida huwekwa V1: nafasi ya nne kati ya mbavu, ukingoni mwa mfupa wa kidari upande wa kulia. Kuipata nafasi hiyo, shusha kidole kutoka shingoni juu ya mfupa wa kidari hadi kwenye tuta dogo la kukingama. Ubavu unaoungana hapo ni wa pili, na nafasi iliyo chini yake ni ya pili. Hesabu mbili zaidi kwenda chini. Mgonjwa anayehofiwa kukosa damu kwenye misuli ya moyo afaidike zaidi na V5: kwenye mstari wa mbele wa kwapa la kushoto, usawa wa nafasi ya tano.

Acha wazi sehemu mbili ambazo pedi za difibrileta (mashine ya kuushtua moyo kwa umeme) zitakaa, yaani chini ya mtulinga wa kulia kuelekea kidari, na ubavu wa kushoto chini ya kwapa. Wakati moyo umesimama, sekunde za kubandua elektrodi ni za thamani kubwa.

Mipangilio ya wimbi la moyo

Anza na mwelekeo wa II, kasi ya milimita 25 kwa sekunde, ukuzaji wa milimita 10 kwa milivolti 1. Kwenye karatasi iliyochapishwa, mapigo kwa dakika ni 1500 gawanya kwa milimita kati ya vilele viwili vya R (ncha ndefu ya QRS). Mapigo yakiwa hayana mpangilio, hesabu QRS ndani ya milimita 150 (sekunde 6) kisha zidisha kwa 10. Linganisha na namba ya skrini, na ushike mapigo ya shingo au ya mkono wa mgonjwa kwa dakika nzima angalau mara moja mwanzoni mwa zamu.

Kichujio kina hali tatu hivi. "Monitor" hupitisha takriban 0.5 hadi 40 Hz, nayo inafaa kwa kazi ya kila siku. "Diagnostic" hupitisha 0.05 hadi 150 Hz: inaonyesha umbo halisi lakini inabeba kelele zote. Ile ya upasuaji hubana zaidi ili kupambana na mashine ya kukatia kwa umeme. Jambo la kushikilia hapa ni kwamba kichujio kinachoanzia 0.5 Hz kinaweza kupindisha sehemu ya ST (kipande cha mstari kinachofuata QRS), ikaonekana imeshuka au imepanda. Usiseme mgonjwa ana shambulio la moyo kwa kutazama monita ikiwa katika hali hiyo. Piga ECG ya mielekeo 12.

Kukuza wimbi mara mbili hakuisaidii monita kuhesabu. Kwenye mashine nyingi ukuzaji unabadilisha picha tu, na kihesabio kinatumia ishara ileile. QRS ikiwa ndogo mno, badilisha mwelekeo au sogeza elektrodi.

Pumzi: namba inayodanganya zaidi kwenye skrini

Monita nyingi hazina kifaa cha pekee cha pumzi. Zinatumia elektrodi zilezile za moyo. Kupitia elektrodi mbili, mashine hupitisha umeme mdogo sana wa masafa ya makumi ya kilohezi, chini ya miliampia 1, ambao mgonjwa hausikii. Kifua kikijaa hewa, ukinzani kati ya elektrodi hizo unapanda, kikishuka unapungua. Ukinzani wa msingi ni mamia ya ohmu, pengine zaidi ya elfu moja ukijumlisha kebo. Badiliko linaloletwa na pumzi huwa sehemu ya ohmu moja hadi ohmu chache. Elektrodi kavu inayochezacheza huleta badiliko kubwa kuliko hilo. Kwa hiyo wimbi la moyo linaweza kuonekana safi kabisa huku la pumzi likiwa takataka.

Mgonjwa anayepumua kwa kifua cha juu anasomeka vizuri kati ya mabega mawili (mwelekeo wa I). Anayepumua kwa tumbo, na watoto wachanga wote wako hivyo, anasomeka vizuri zaidi kati ya bega la kulia na chini kushoto (mwelekeo wa II). Mtazame kwanza bila mashine, uone ni wapi panapopanda sana. Kisha sogeza elektrodi ya chini kushoto hadi pembeni, mahali hapo panapotanuka, ili mstari kati ya elektrodi mbili uvuke mapafu na usipite juu ya ini na moyo.

Weka mkono juu ya kifua au tumbo la mgonjwa na utazame skrini kwa dakika moja kamili. Kila pumzi unayoihisi iwe na tuta moja kwenye wimbi, na mashine iwe imelihesabu. Tuta likiwa dogo, ongeza ukuzaji wa pumzi. Kasi ya wimbi hili iwe milimita 6.25 kwa sekunde, kwani kwenye 25 pumzi hujivuta hadi huwezi kuona mpangilio wake.

Makosa yanayojirudia ni haya:

Namba ya pumzi inalingana au karibu ilingane na mapigo ya moyo. Mashine inahesabu moyo, maana damu inayoingia na kutoka kifuani nayo hubadili ukinzani. Hamisha elektrodi, au toka kwenye hesabu ya "Auto" uweke mwenyewe kimo ambacho wimbi lazima likivuke ndipo lihesabiwe.

Njia ya hewa imeziba lakini kifua kinahangaika. Hili ndilo la hatari kuliko yote. Mgonjwa aliyelala chali baada ya dawa za usingizi, ulimi umeanguka nyuma, kifua kinapanda na kushuka bila hewa kuingia. Monita inaona kifua kinacheza, inaandika pumzi 20, na kengele ya kukoma kwa pumzi hailii. Oksijeni itashuka baadaye, na kama amewekewa oksijeni ya ziada itachelewa zaidi kushuka. Palipo na kipimo cha hewa ya ukaa inayotoka mdomoni, kitumie kwa wagonjwa wa aina hii, kwani chenyewe kinapima hewa halisi. Pasipo nacho, sikio lako karibu na mdomo wa mgonjwa ndicho kipimo.

Pumzi haisomeki kabisa ingawa ECG ni nzuri. Angalia kebo. Zile zilizotengenezwa kwa chumba cha upasuaji zina rezista kubwa ndani za kuzuia mawimbi ya mashine ya kukatia, na rezista hizo humeza kipimo cha pumzi. Hakuna kitakachorekebishika kwenye menyu, badilisha kebo.

Mgonjwa ana pesimeka (kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo kilichopandikizwa mwilini) inayorekebisha kasi kwa kufuata upumuaji. Baadhi ya pesimeka hizo hupima ukinzani wa kifua kwa njia ileile, na umeme wa monita unaweza kuzichanganya zikaanza kupiga haraka. Zima kipimo cha pumzi kwenye monita.

Kwa watoto, hesabu kwa macho dakika nzima hata kama namba ya skrini inaonekana nzuri. Mipaka ya Shirika la Afya Duniani ya kupumua haraka ni pumzi 60 au zaidi kwa dakika chini ya miezi 2, 50 au zaidi kuanzia miezi 2 hadi 11, na 40 au zaidi kuanzia mwaka 1 hadi 5. Uamuzi wa dawa unategemea namba hizo, na monita inayokosea pumzi kumi itakuvusha mpaka bila wewe kujua.

Kidole kama shahidi

Kipimo cha oksijeni cha kidoleni hutuma mwanga mwekundu (nanomita 660) na usioonekana (940), na wimbi lake linapiga pamoja na damu. Lifanye shahidi wa ECG. Skrini ikionyesha moyo unakimbia vibaya au umesimama, huku wimbi la kidole likiendelea kwa utulivu na mgonjwa anaongea, kosa liko kwenye elektrodi. Mgonjwa anayepiga mswaki au anayejikuna anaweza kuchora kitu kinachofanana sana na mapigo ya hatari ya ventrikali (vyumba vya chini vya moyo).

Usifunge kidole cha mkono wenye mkanda wa shinikizo, kwa sababu ukijazwa damu inakatika na kengele inalia bure. Rangi ya kucha ifutwe. Hina nyeusi inaweza kuzuia mwanga na haifutiki, hivyo kwa bibi harusi wa juzi geuza kifaa kikae ubavuni mwa kidole, au tumia kidole cha mguu au ndewe la sikio kwa kifaa kilichotengenezwa kwa sehemu hiyo. Na hili linatuhusu moja kwa moja: utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulionyesha kwamba kwa wagonjwa weusi, oksijeni iliyoshuka sana ilipita bila kuonekana kidoleni karibu mara tatu zaidi kuliko kwa wagonjwa weupe. Namba ya 92 au 93 kwa mgonjwa anayehema kwa shida isikutulize.

Kengele ziweke kwa kuzingatia mgonjwa aliye mbele yako, ukianzia kwenye viwango vya kawaida vya wodi, na kukoma kwa pumzi kuwe sekunde 20. Mashine nyingi zikizimwa hurudi kwenye viwango vya kiwandani, kwa hiyo umeme ukikatika na betri ikiwa imechoka, anza upya.

Kusoma kosa kwenye wimbi

Mstari mnene wenye meno madogo yanayolingana, kila nusu milimita kwenye kasi ya 25, ni umeme wa 50 Hz. Kagua kwanza elektrodi ya chini kulia (RL au N), kwa kuwa ndiyo mashine inayoitumia kufuta kelele hiyo. Ondoa waya wa chaja ya simu na nyaya za umeme zilizolala sambamba na kebo ya mgonjwa. Zikilazimika kukutana, zikatizane kwa pembe ya mraba. Kisha chomoa monita ibaki kwenye betri. Kelele ikiisha, tatizo ni ethi ya soketi au pawa saplai.

Mstari unaopanda na kushuka polepole ni elektrodi kavu, au kebo inayovutwa na kila pumzi. Meno yasiyolingana, yaliyosongamana kama kichaka, ni misuli: mgonjwa anatetemeka kwa baridi au homa, au elektrodi zimewekwa mikononi.

Kwa kebo ya nyaya tano, mielekeo mitatu inakuonyesha mkosaji bila kubahatisha. I ni tofauti kati ya mabega mawili, II ni bega la kulia na chini kushoto, III ni bega la kushoto na chini kushoto. Ikiharibika I na II huku III iko safi, kosa ni bega la kulia. I na III, bega la kushoto. II na III, chini kushoto. Zikiharibika zote, nenda kwenye ya chini kulia.

Namba ya mapigo ikiwa mara mbili ya uliyohesabu mkononi, mashine inahesabu wimbi la T (tuta linalokuja baada ya QRS) pia. Hamia kwenye mwelekeo ambao T ni fupi. Lakini T ndefu na yenye ncha inaweza kuwa dalili ya potasiamu kupanda, hivyo mjulishe daktari kabla ya kuificha.

Mezani kwa fundi

Anza na kebo. Pima kila waya kwa multimita kutoka klipu hadi pini yake. Kebo nyingi zina rezista ya kinga, kwa hiyo usitegemee sifuri: unaweza kukuta kama kiloohmu 1 au zaidi. Kinachotakiwa ni nyaya zote zilingane. Huku umeshikilia vijiti vya mita, pinda waya kwenye miisho yake yote miwili. Namba ikirukaruka, umekatikia pale unapoingia kwenye plagi, na ndipo unapokatikia mara nyingi. Kuunga kwa risasi ya kulehemu na gundi kunairudisha ishara, ila ngao ya waya dhidi ya kelele na kinga ya difibrileta hazirudi kwa uhakika. Kebo hiyo ibaki ya mazoezi.

Usipokuwa na simuleta (kifaa cha kuiga mapigo ya mgonjwa), tengeneza chanzo cha milivolti 1. Chukua jenereta ya ishara, ikiwezekana ya betri, toa pigo la volti 1 lenye upana wa milisekunde 80, mara 1 kwa sekunde. Lipitishe kwenye rezista ya kiloohmu 100 ikifuatiwa na ya ohmu 100 hadi upande wa sifuri. Juu ya ile ya ohmu 100 utapata milivolti 1. Unga RA, LA na RL upande wa sifuri, na LL upande wa juu. Mwelekeo wa II na III uonyeshe kimo cha milimita 10, wa I ubaki tambarare, na namba isome 60. Weka mapigo 2 kwa sekunde, isome 120. Katika hali ya "Monitor" kichwa cha pigo kitainama kwa karibu asilimia 20 na mstari utazama kidogo baada yake. Hiyo ni kazi ya kichujio cha 0.5 Hz. Ukihamia "Diagnostic" kichwa kinakaa karibu tambarare. Kisipobadilika, kichujio hakijahama kweli.

Kwa pumzi, weka rezista ya kiloohmu 1 kati ya RA na LL, na mfululizo nayo rezista ya ohmu 1 yenye swichi ya kuiruka. LA na RL ziunge upande wa RA. Fungua swichi sekunde 2, funga sekunde 2. Chagua mwelekeo wa II, namba isome 15. Kengele ya moyo kusimama italia, ni sawa. Tumia swichi nzuri, maana yenye kutu ina ukinzani unaobadilika kuliko hiyo ohmu 1. Kisha iache wazi na utazame saa: kengele ya kukoma kwa pumzi ilie kwenye sekunde ulizoweka.

Usalama wa umeme unapimwa kila baada ya matengenezo. Ukinzani kutoka pini ya ethi ya plagi hadi bati la mashine, pamoja na waya wake, usizidi ohmu 0.2. Umeme unaovuja kwenye bati usizidi mikroampia 100 katika hali ya kawaida na 500 ethi ikikatwa. Kwenye nyaya za mgonjwa za sehemu yenye alama ya moyo (CF), usizidi mikroampia 10 katika hali ya kawaida na 50 kukiwa na hitilafu moja. Mashine iliyovuka mipaka hii hairudi wodini hata kama wimbi lake ni zuri.

Betri ya risasi ya 12 V iliyojaa na kupumzishwa husoma takriban 12.7. Iache mashine ifanye kazi bila umeme: ikishuka chini ya 10.5 ndani ya dakika chache, imekwisha. Mashine ya stoo ichajiwe kila miezi 3, kwani betri ya risasi iliyoachwa tupu haifufuki.

Kebo ifutwe kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, kisha dawa iliyotajwa kwenye kitabu cha mashine. Jiki kali hula chuma cha klipu na kupasua ganda la waya. Usitumbukize plagi kwenye maji. Ukihifadhi, ikunje kwa mzunguko mpana wa kama sentimita 15 na uitundike. Kuizungushia mashine kwa kuikaza ndiko kunakoikata palepale plagi inapoanzia.